Moto Nje, Usingizi Ndani

Juzi nimerudi kutoka Tunduma, ambako nilikaa wiki tatu nyumbani kwa mpwa wangu. Watu wengi wakisikia jina la Tunduma hufikiria mpaka, malori na wabadilisha fedha. Safari hii mimi sikwenda kwa ajili ya hayo. Nilikwenda kujenga nyumba. Nyumba yenyewe ina magurudumu mawili, urefu wa futi nane, upana wa futi nne, na mtu mzima hawezi kusimama ndani yake. Ni kijitela cha kulala, cha kuvutwa na gari dogo. Leo nataka niwaeleze kinavyojengwa, maana katika kukijenga nimelikumbuka jambo moja lililokaribia kunitoa roho miaka mingi iliyopita.

Nianze na jambo hilo. Mwaka 1994 nilikuwa utingo wa lori la masafa marefu, tukichukua mizigo bandarini Dar es Salaam na kuipeleka Zambia. Siku hizo Tunduma ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, ambacho Tanzania na Zambia zilikizindua Oktoba 2019 ili gari likaguliwe mahali pamoja badala ya pawili, hakikuwepo hata kwenye ndoto. Lori lilifika, likapanga mstari, likasubiri. Kusubiri huko kulikuwa siku mbili, siku nne, wakati mwingine wiki nzima. Dereva alilala ndani ya kabini. Utingo alilala panapopatikana, ama juu ya mzigo chini ya turubai, ama chini ya tela katikati ya matairi.

Sasa Tunduma si Dar es Salaam. Mji ule uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ikifika Juni na Julai baridi ya usiku si ya mchezo. Usiku mmoja wa Julai dereva wangu alinihurumia, akaniambia niingie kabini tulale wote. Tulikuwa tumepika ugali nje kwenye jiko la mkaa, na makaa yalikuwa bado mekundu. Tukaona ni dhambi kuacha makaa mazuri namna ile yazimike bure huku sisi tunatetemeka. Tukaliingiza jiko ndani, tukaliweka sakafuni mbele ya kiti cha utingo, tukapandisha vioo, tukalala. Moshi haukuwepo hata kidogo, na hilo ndilo lililotupa imani.

Kilichoniokoa ni haja ndogo. Niliamka usiku wa manane kichwa kikiniuma kama kinapasuliwa, miguu haina nguvu. Nikafungua mlango, nikaanguka chini kama gunia. Madereva wa lori la nyuma walisikia kishindo, wakaja na tochi wakidhani ni mwizi. Walipomulika kabini walimkuta dereva wangu haamki. Wakamburuta nje, wakamlaza kwenye majani, kisha tukamkimbiza hospitali. Alilazwa siku mbili akapona, ingawa kwa muda mrefu baada ya hapo alilalamika kwamba anasahausahau. Laiti kibofu changu kingevumilia mpaka alfajiri, leo msingekuwa mnanisikiliza.

Turudi kwa mpwa wangu. Yeye ni mfanyabiashara wa minadani, anauza mitumba na vyombo vya plastiki. Leo yuko Mlowo, kesho Vwawa, keshokutwa anateremka Kamsamba kule bonde la Ziwa Rukwa, kisha anapanda milima ya Ileje. Ana pikapu kuukuu. Usiku alikuwa akilala juu ya marobota yake, turubai juu ya kichwa. Nyumba ya wageni ingekula faida, na mzigo ukibaki nje peke yake, asubuhi huukuti.

Siku moja akiwa kwenye kituo cha mafuta aliiona Landrover ya watalii iliyovuka kutoka Nakonde, ikivuta kijitela chenye umbo la tone la maji, yaani mbele mviringo na nyuma kimeteremka kuelekea chini. Jioni wale wageni waliegesha. Wakainua mgongo wa tela kama mtu anavyoinua boneti ya gari. Ndani yake mlikuwa na jiko, sufuria na kabati. Wakapika wakiwa wamesimama nje, wakala, wakaufunga ule mgongo, wakaingia kwa mlango wa ubavuni na kulala. Mpwa wangu akanipigia simu usiku uleule: "Shikamoo mjomba. Wewe si uliwahi kuchomelea matela? Njoo tujenge kama lile."

Ni kweli, baada ya kuacha utingo nilifanya kazi ya kuchomelea vyuma kwa miaka kadhaa. Nikafunga safari.

Vijitela hivi si jambo jipya. Vilianza kujengwa Marekani katika miaka ya 1930. Watu wa kawaida walikuwa wanaanza kumiliki magari madogo yasiyo na nguvu ya kuvuta nyumba kubwa, na magazeti ya mafundi yakawa yanachapisha michoro ili mtu ajijengee mwenyewe nyuma ya nyumba yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili vilienea zaidi, maana mabati ya alumini na magurudumu ya jeep yaliyobaki kutoka vitani yalipatikana kwa urahisi. Lile umbo la tone husaidia upepo kupita, lakini vipimo vyake vimetokana na kitu cha kawaida kabisa. Karatasi moja ya plaiwudi ina futi nne kwa nane. Ubavu mmoja unatoka kwenye karatasi moja, ubavu wa pili kwenye nyingine, sakafu kwenye ya tatu. Hupotezi mbao, hupotezi fedha.

Na wala tusidhani kwamba wazo la jiko mgongoni ni la wazungu peke yao. Mtu yeyote aliyepita Tunduma jioni amewaona madereva wa malori wakifungua lile boksi la chuma lililofungwa ubavuni, chini ya tela. Kifuniko kinashuka na kuwa meza. Ndani mna jiko, unga, mafuta, chumvi na sufuria. Ugali unasongwa hapohapo pembeni ya tairi. Madereva wetu walikwishajua zamani kwamba jiko la msafiri linakaa nje ya chumba. Kosa letu la mwaka 1994 lilikuwa kuivunja kanuni hiyo kwa sababu ya baridi ya usiku mmoja.

Hebu sasa tuingie kwenye kazi. Kwanza ni chesisi. Tulichukua mabomba ya mraba, yale wanayoyaita skwea paipu, ya inchi mbili kwa mbili yenye unene wa milimita tatu. Tukafunga fremu ya futi nane kwa nne, na vyuma vya kukatiza kila baada ya futi mbili. Mkono wa kuvutia tuliufanya wa pembe tatu: mabomba mawili yanatoka pande mbili za fremu na kukutana mbele, futi nne kutoka kwenye boksi. Hapa kuna kosa linalofanywa mara nyingi. Fundi mwenye haraka huuchomelea mkono kwenye chuma cha mbele tu. Barabara ya vumbi ikishautikisa miezi michache, unakatika palepale. Mkono inafaa upite chini ya fremu hadi chuma cha pili au cha tatu cha kukatiza, na uchomelewe kila unapokutana nacho.

Ekseli tuliipata kwa wauza vyuma chakavu, ya nyuma ya gari dogo linaloendeshwa kwa magurudumu ya mbele. Tulichagua yenye rimu zinazolingana na za pikapu, ili tairi moja la akiba litumike kwa vyote viwili. Springi zilikuwa za gari zito zaidi, tukazipunguza majani. Tela jepesi likikaa kwenye springi ngumu hurukaruka kama mbuzi, na kila mruko unalegeza msumari mmoja. Beringi tukazifungua, tukaziosha kwa mafuta ya taa, tukatia grisi mpya. Baada ya kilometa ishirini za kwanza, simama uguse katikati ya gurudumu kwa mkono. Likiwa vuguvugu ni sawa. Likikuunguza, beringi imekazwa mno au imekwisha.

Jambo la pili ni uzito, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Tela si mkokoteni. Mkokoteni unausawazisha kwa mikono yako, lakini tela likishafungwa nyuma ya gari halina wa kulishika. Kanuni ya mafundi duniani kote ni kwamba, kati ya uzito wote wa tela, sehemu ya kumi hadi kumi na tano kwa mia inatakiwa ilale kwenye mkono, yaani iukandamize mgongo wa gari. Ikipungua hapo, nyuma ya tela inakuwa nzito kuliko mbele, na tela linaanza kuchezesha mkia, kushoto na kulia. Kwenye tambarare utalihisi ukapunguza mwendo. Kwenye mteremko kama ule wa Senjele wilayani Mbozi, au wa Iwambi kabla ya Mbalizi, mahali ambapo ndugu zetu wengi wamepotezea maisha, tela linaweza kuigeuza pikapu lenyewe.

Kwa hiyo hatukuiweka ekseli katikati. Tuliiweka nyuma kidogo ya katikati, kama sehemu sita kati ya kumi za urefu wa boksi ukipima kutoka mbele. Hata hivyo kipimo cha futi hakitoshi, lazima upime kwa kilo. Tunduma ni mji wa mahindi, mizani ya magunia haikosekani. Tela lilipokamilika, likiwa na godoro na vyombo vyote, tulilisukuma hadi ghala la jirani, tukapandisha gurudumu moja kwenye mizani, kisha la pili, kisha mkono. Kila gurudumu lilikuwa na kilo 195, mkono kilo 20. Jumla kilo 410. Gari dogo linaweza kuvuta uzito huo, ila kilo 20 kwa 410 ni kama tano kwa mia tu. Mpwa wangu alikuwa ameweka dumu la maji na betri nyuma, kwenye jiko, kwa kuwa huko ndiko anakopikia.

Tukavihamishia vyote kwenye kisanduku cha chuma tulichokichomelea juu ya mkono, mbele kabisa. Tukapima tena: kilo 50, kama kumi na mbili kwa mia. Kuhamisha dumu na betri kulichukua nusu saa, na kungeweza kuwa tofauti baina ya kufika na kutofika.

Tatu ni boksi lenyewe. Sakafu tulitumia plaiwudi ngumu ya kahawia, ile ya kumwagia zege, unene wa milimita 18, na chini yake tukapaka rangi ya mafuta mara tatu, maana maji ya barabarani hupiga kutokea chini. Kwa mbavu tulitumia ya milimita 12. Kuchora lile umbo la tone tulipiga misumari michache kwenye karatasi, tukalikunja bomba la plastiki la maji kuifuata misumari, tukachora kwa penseli. Bomba halijui kukunjika kwa kona, basi mchoro unatoka laini wenyewe. Mbavu mbili tulizibana pamoja, tukazikata kwa mara moja. Ukikata moja moja zitatofautiana, na paa litakwenda upande.

Paa tuliweka papi za mbao kutoka ubavu hadi ubavu, juu yake plaiwudi nyembamba ya milimita nne inayokubali kukunjika, na juu kabisa bati jembamba la alumini. Baina ya plaiwudi ya nje na ya ndani inabaki nafasi ya inchi moja, na nafasi hiyo ndiyo inayozuia baridi ya Tunduma na joto la Kamsamba. Mpwa wangu alipendekeza tuijaze kwa masweta ya mitumba yaliyokosa wanunuzi. Fundi tuliyekuwa naye akacheka, akasema: "Mzee, mwambie kijana hapo atafuga panya." Alikuwa na haki. Isitoshe nguo hunywa maji na kuozesha mbao. Tukajaza yale mapande meupe mepesi yanayofungiwa televisheni, tukayafunika kabisa kwa plaiwudi ili yasiwe karibu na kiberiti.

Adui mkubwa wa kijitela ni maji. Mvua haiingii pale unapopatazama, huingia kwenye tundu la skrubu na kwenye bawaba. Kila skrubu ipakwe silikoni kabla ya kukazwa. Bawaba ndefu ya mgongo unaoinuka ifunikwe kwa ukanda wa mpira kwa juu. Kabla hujaweka godoro, ingia ndani ujifungie, mwenzako amwage maji juu kwa mpira muda wa saa nzima. Sisi tulikuta yanaingia mahali pawili. Ni afadhali uyagundue hayo ukiwa uani kuliko ukiwa Isongole usiku wa Machi.

Milango tuliweka miwili, kila ubavu mmoja. Fundi alituuliza kwa nini tunapoteza bawaba. Nikamwambia kwamba mlango mmoja ukikwama, au gari jingine likija kuegesha ubavuni pako, wa pili ndio wa kutokea. Komeo zote zinafunguka kutoka ndani bila ufunguo. Kona za mlango tulizikata mviringo, kwa sababu plaiwudi huanza kupasuka kwenye kona kali.

Sasa tumefika kwenye ubishi. Siku ya kutengeneza jiko, mpwa wangu aliniambia: "Mjomba, tuache kidirisha kidogo kati ya jiko na kitanda. Nikishapika, joto liingie ndani." Nikakataa. Akasema: "Basi nitaingiza makaa kidogo tu, yakishaacha kutoa moshi." Nikaweka nyundo chini. Maneno hayo nilikwishayasikia, na aliyeyasema ni mimi mwenyewe mwaka 1994.

Nikamweleza, na nawaeleza nanyi. Mkaa unapoungua mahali penye hewa kidogo hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikereketi macho. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya zaidi, kwa sababu mtu huona ni safi. Hewa hiyo ukiivuta inang'ang'ania kwenye damu kwa nguvu ya zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inazunguka, lakini haibebi tena kile ambacho mwili unakihitaji. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu. Aliye macho anaweza kuzihisi akatoka. Aliyelala hahisi kitu, anapitiliza usingizini. Nyumba ya vyumba vitatu ina hewa nyingi, na hata huko watu hufa. Chumba cha kijitela chetu kina hewa isiyozidi mita mbili za ujazo. Jiko dogo halihitaji muda mrefu kukijaza. Na kufungua kidirisha kidogo si dawa ya kutegemewa.

Akanyamaza. Kisha akaniuliza: "Sasa mjomba, baridi nitaifanyaje?" Swali hilo ni la haki, na mtu anayekataza bila kujibu swali hilo hajamsaidia mwenzake. Sisi mwaka ule hatukuingiza jiko kwa ujinga tu, tuliliingiza kwa sababu tulikuwa tunatetemeka na hatukuwa na njia nyingine tuliyoijua.

Jibu ni hili. Jiko linabaki nje, moto unatumika kuchemsha maji. Maji ya moto yanatiwa kwenye chupa ngumu yenye kifuniko cha kukaza, chupa inafungwa kwa taulo nene, inawekwa miguuni ndani ya blanketi. Inakaa na joto kwa saa nyingi, nayo haivuti hewa yako hata chembe. Chini yako weka godoro zuri na blanketi moja, maana mtu anayelala barabarani hupoteza joto jingi kwa chini kuliko anavyodhani. Na kile chumba kidogo chenye kuta nene hupata joto la miili ya walalao peke yake. Udogo ambao ni hatari ukiwasha moto ni faida ukiwa huna moto.

Kwa hiyo ukuta baina ya jiko na kitanda tuliujenga mzima, hauna tundu, na maungio yake tukayaziba. Hata kama unatumia mtungi wa gesi, kanuni ni ileile. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini. Tukatoboa matundu kwenye sakafu ya sehemu ya jiko ili ikivuja ianguke ardhini. Mtungi haulali chumba kimoja na mtu, wala injini ya gari haiachwi ikiunguruma wakati watu wamelala nyuma yake.

Hata bila moto, binadamu wawili wakipumua usiku kucha kwenye kijichumba kile wanahitaji hewa mpya. Tuliweka matundu mawili chini karibu na sakafu na mawili juu karibu na paa, yote yenye wavu, na hayana kifuniko cha kufunga. Mpwa wangu alitaka ya kufungika. Nikamwambia kitu kinachofungika kitafungwa, hasa usiku wa Julai. Kwa safari za Kamsamba tuliongeza madirisha mawili ya wavu yanayofunguka, maana kule bondeni shida ni joto na mbu. Bati la juu tuliliacha na mng'aro wake, na mbavu tukazipaka rangi nyeupe, jua lirudishwe lilikotoka.

Yaliyobaki nitayapitia haraka. Taa za nyuma, za breki na za kuonyesha kona ziungwe na za gari. Reflekta nyekundu ziwekwe nyuma, maana usiku kwenye barabara ile lori linakuja na mwendo. Mnyororo wa akiba uunganishe tela na gari, ili kichwa cha kunasia kikichomoka tela lisiende peke yake. Tela nalo lina namba yake ya usajili na ukaguzi wake. Mtu asiseme ni kadude kadogo, trafiki hatakiona. Atakiona, na kikisababisha ajali hakimu atakiona pia.

Tulipomaliza, tulifanya safari ya majaribio hadi Mlowo na kurudi kwa njia ya Ndolezi, pale kilipo Kimondo cha Mbozi, lile jiwe la chuma la tani zipatazo 16 lililotoka angani. Mpwa wangu amezaliwa mkoani humo na alikuwa hajawahi kulifikia, kwa kuwa siku zote anapita akikimbilia mnada. Tuliomba ruhusa kwa wenyeji, tukaegesha karibu na kijiji. Akainua mgongo wa tela, akawasha jiko, akapika wali na maharage akiwa amesimama kwenye upepo huku mabega ameyapandisha hadi masikioni. Tulipokwisha kula akachemsha maji, akajaza chupa mbili, akazifunga kwa taulo. Moja akanipa mimi. Kisha akayamwagia maji makaa yaliyobaki, yote, mpaka yakaacha kuvuma. Sikuwa nimemwambia afanye hivyo.

Ndani palikuwa pafinyu, nikiri. Watu wazima wawili kwenye futi nne, mmoja akigeuka na mwenzake anageuka. Lakini nililala mpaka jua lilipotoka. Asubuhi kioo cha dirisha kilikuwa kimelowa mvuke wa pumzi zetu, na hewa ya ndani ilikuwa safi. Nilikaa kitako kitandani, nikamkumbuka dereva wangu alivyolazwa kwenye majani kama maiti.

Ndugu wasikilizaji, si kila mmoja wenu ana haja ya kijitela. Wengi mnaishi mjini, mna vyumba vyenu na milango yenu. Lakini chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi, madirisha yakiwa yamezibwa kwa magazeti kuzuia baridi, hakina tofauti kubwa na kabini yetu ya mwaka 1994. Mlinzi wa usiku kwenye kibanda chake, utingo kwenye foleni, mama mwenye mtoto mchanga kule nyanda za juu, wote hao baridi ikizidi hulitazama jiko lililobaki na makaa. Usiku huu, ukimwona mtu analiinua jiko kuliingiza chumbani, usimwambie tu kwamba amekosea. Mpe chupa ya maji ya moto na taulo, halafu umsaidie kulirudisha jiko nje.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaaliwa, tukutane tena wiki ijayo saa kama hizi. Kwaherini.